Maisha ya Dokta Aggrey

Mtu ye yote aliyewahi kufika Kariakoo, Dar es Salaam, huenda amepita katika Mtaa wa Aggrey. Maduka yamejipanga pande zote mbili, na watu hupishana mabega kwa mabega tangu asubuhi hata jioni. Lakini ukiwauliza wapitao Aggrey alikuwa nani, wachache watakujibu. Wengine hudhani alikuwa gavana wa Kiingereza, kwa kuwa jina lenyewe lina sura ya kigeni. Hakuwa gavana, wala hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mwafrika, Mfante wa Afrika ya Magharibi, na kazi yake ilikuwa ualimu. Hakuongoza jeshi, hakushika serikali, wala hakuacha mali. Naona ni haki sisi tulio shuleni tumjue, maana karibu siku zake zote alizitumia shuleni, akifundisha, akijifunza, na kuchungua jinsi Waafrika wanavyofundishwa.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875, katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme wa Anomabu. Kazi hiyo si ndogo kwa watu wa kule. Mfalme hasemi na watu moja kwa moja. Hunena na msemaji wake, naye huyapanga maneno kwa adabu na kwa mithali ili yawafikie watu yakiwa na uzito. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia mahali ambapo ulimi mzuri ulikuwa heshima ya nyumba, na tutaona baadaye jinsi urithi huo ulivyomfaa.

Mwaka 1883 alibatizwa, akapewa jina la James, akasoma katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Cape Coast. Alipenda kitabu kupita kiasi. Hata kabla hajakomaa alikwisha kuwa mwalimu: akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi alipelekwa kijiji cha Abura Dunkwa kufundisha watoto na kuhubiri. Hebu fikirini, wanafunzi wa kidato cha pili: umri wenu huo mwenzenu alisimama peke yake mbele ya darasa, mbali na kwao, na wazee wa kijiji wakimtazama kama atafaa au hatafaa. Alifaa. Akarudishwa Cape Coast, akapanda daraja baada ya daraja, na mwaka 1898 alikuwa mwalimu mkuu wa shule, naye hajatimiza miaka ishirini na mitatu.

Wakati huo hakufungiwa na kuta za darasa. Alisaidia katika kazi ya kutafsiri maandiko ya Biblia katika lugha ya Kifante. Tena mwaka 1897, serikali ya Kiingereza ilipotaka kutunga sheria ya ardhi ambayo wenyeji waliiona kuwa ni ya kuwanyang'anya mashamba ya babu zao, wasomi na machifu wa pwani waliunda chama cha kutetea haki za wenyeji, na kijana Aggrey alikuwa miongoni mwa waliokitumikia. Wajumbe wa chama walikwenda London mwaka 1898, na sheria ile ikaachwa. Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu baadaye wako watu waliomwona Aggrey kuwa mtu laini mno mbele ya wazungu. Ni vema tukumbuke alianzia wapi.

Mwaka huo huo wa 1898 njia mpya ilifunguka. Askofu John Bryan Small, mtu mweusi wa kanisa la African Methodist Episcopal Zion la Marekani, alikuwa akitafuta vijana wa Kiafrika wa kwenda kusoma ng'ambo, kisha warudi kuwatumikia watu wao. Akamchagua Aggrey. Mwezi wa Julai kijana huyo alipanda meli, akafika katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina, akaingia Chuo cha Livingstone. Chuo hicho kilikuwa cha watu weusi, kimeanzishwa mwaka 1879, miaka kumi na minne tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Jina lake ni la yule Livingstone tunayemjua sisi, aliyekaa Ujiji na kukutana huko na Stanley mwaka 1871. Nalo lina sababu: mwanawe mmoja, Robert, alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akatekwa, akafa mwaka 1864 katika gereza la vita la mji huo huo wa Salisbury.

Aggrey hakuwa na fedha. Alisoma na kufanya kazi, na likizo za wenzake kwake zilikuwa miezi ya kutafuta karo. Mwaka 1902 akapata shahada yake ya kwanza kwa sifa kubwa. Chuo kikamwomba abaki afundishe. Akabaki, na hapo ndipo alipofanya kazi kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 1905 alimwoa Rose Douglass, binti msomi wa jimbo la Virginia, wakajaliwa watoto wanne.

Miaka hiyo ishirini haisimuliwi sana, kwa kuwa haina safari kubwa wala mikutano ya magavana. Mimi naiona kuwa ndiyo moyo wa maisha yake. Alifundisha darasani kutwa. Kuanzia mwaka 1914 alichunga pia makanisa mawili madogo ya shamba, nje ya mji, ambayo waumini wake walikuwa wakulima weusi, wengi wao wana wa watumwa wa zamani. Hakuwahubiria mbinguni peke yake. Aliwafundisha kuweka akiba, kununua ardhi yao wenyewe, kuutunza udongo, kujenga nyumba zenye hewa, na kuwapeleka watoto shule. Kisha, shule zikifungwa wakati wa joto, yeye alifunga safari kwenda New York kusoma tena katika Chuo Kikuu cha Columbia, akijifunza elimu ya jamii, elimu ya nafsi na maarifa ya ualimu. Mwalimu wa chuo, baba wa watoto, anakaa kwenye dawati pamoja na vijana! Watu walikwisha kumwita Dokta kwa sababu ya shahada ya dini aliyotunukiwa, lakini yeye alijua tofauti ya kutunukiwa na kuhitimu. Aliitaka ile shahada ya udaktari ambayo mtu huipata kwa utafiti wake mwenyewe.

Sasa nije katika jambo lililomleta Aggrey mpaka kwetu. Mjini New York palikuwa na mfuko ulioanzishwa mwaka 1911 kwa wosia wa mama mmoja tajiri, Caroline Phelps Stokes, kwa ajili ya elimu ya watu weusi na kazi nyingine za huruma. Mwaka 1920 mfuko huo uliunda tume ya kuchungua elimu katika Afrika, chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones. Aggrey alichaguliwa kuwa mjumbe, Mwafrika peke yake katika tume nzima. Mwaka 1920 na 1921 walizuru Sierra Leone, Liberia, Gold Coast, Nigeria, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini. Mwaka 1924 ikaundwa tume ya pili, na Aggrey akachaguliwa tena. Safari hii walikuja Afrika ya Mashariki: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kisha wakaendelea kusini mpaka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na kupita huko.

Kazi yao ilikuwa ya kuona kwa macho. Waliingia madarasani, wakasikiliza watoto wakisoma, wakatazama vitabu, mashamba ya shule, vyoo na mabweni. Wakazungumza na wamisionari, maofisa wa serikali, machifu na wazazi. Walikuta shule nyingi ambazo mtoto hukariri habari za wafalme wa Ulaya, asijue kwa nini mtoto wa jirani yake hufa kwa homa. Taarifa zao zilitoka mwaka 1922 na 1925. Zilisema kwamba elimu haina budi kugusa afya ya watu, matumizi ya nchi wanayoishi, malezi ya nyumbani, na mapumziko yenye faida. Na kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha ya kwao kabla ya lugha ya kigeni. Tunda moja lilionekana mapema. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume. Hapo walimu wa Kiafrika walifundishwa pamoja na wake zao, kisha wakatumwa kuzunguka shule za vijijini na kuwasaidia walimu wenzao. Mpango huo ulitoka Marekani, ambako mwalimu mweusi Virginia Randolph aliuanza mwaka 1908 katika shule za mashamba za Virginia.

Lakini watu hawakumkumbuka Aggrey kwa taarifa zile. Walimkumbuka kwa maneno yake. Mtoto wa msemaji wa mfalme alikuwa amekuwa msemaji wa bara zima. Kila alipofika watu walijaa kumsikiliza, weusi na weupe. Alipenda kusema kwa mifano, kama wazee wetu. Alilinganisha watu na vinanda: ukipiga vidude vyeupe peke yake utapata wimbo wa namna fulani, na vyeusi peke yake vivyo hivyo, lakini utamu kamili hutaka vyote viwili. Na alikuwa na kisa cha tai aliyelelewa na kuku mpaka akajidhani kuku, akakataa kuruka, hata siku moja alipopelekwa mlimani na kuelekezwa jua linalochomoza. Ndipo akakunjua mabawa, asirudi tena. Waafrika waliomsikiliza walifahamu bila kuelezwa ni nani yule tai. Pia alisisitiza elimu ya wasichana, akisema kwamba ukimsomesha mwanamume umesomesha mtu mmoja, bali ukimsomesha mwanamke umesomesha jamaa nzima. Katika mwaka 1924 hayo hayakuwa maneno ya kawaida.

Mjini Dar es Salaam alikutana na kijana Kleist Sykes, ambaye katika kumbukumbu zake alieleza kwamba mazungumzo na Aggrey ndiyo yaliyompa wazo la Waafrika kuwa na chama chao. Mwaka 1929 chama hicho, African Association, kilianzishwa, Cecil Matola akiwa rais wake wa kwanza na Kleist akiwa katibu. Kutokana na chama hicho ndiyo iliyotoka TANU mwaka 1954. Mwalimu mpita njia alikaa siku chache tu, lakini mbegu haiulizi mpandaji amekaa siku ngapi.

Hapa lazima niseme upande wa pili, kwa kuwa kumsifu mtu bila kupima si elimu. Wako watu wa heshima walioipinga tume ile. Msomi mkubwa mweusi wa Marekani, W. E. B. Du Bois, alishutumu mawazo ya Jones, kwamba yanawapa watu weusi jembe na randa ili wasifikie vyuo vikuu na madaraka. Neno hilo halikuwa la bure. Masetla wa Kenya na wa Afrika ya Kusini walikuwa na sababu zao za kupenda elimu ya mikono peke yake kwa Mwafrika: walitaka vibarua stadi, hawakutaka wanasheria. Na wengine walimwona Aggrey kuwa ni uso mweusi uliotangulizwa ili dawa chungu imezwe. Katika Afrika ya Kusini, ambako alihimiza mabaraza ya pamoja ya weusi na weupe mwaka 1921, vijana kadhaa waliona kwamba upole wake haulingani na udhalimu waliokuwa wakitendewa.

Mimi nimelifikiri jambo hili sana, na naliona hivi. Mtu hupimwa kwa alichokitaka kwa wanawe na kwa wanafunzi wake. Aggrey mwenyewe alisoma Kigiriki na Kilatini, akasoma elimu ya jamii katika chuo kikuu kikubwa, wala hakutaka mtoto wa Kiafrika azuiwe njia hiyo. Alichokataa ni mtu msomi anayeona haya kushika jembe. Elimu ya mikono bila elimu ya kichwa ni utumishi. Elimu ya kichwa bila mikono ni majivuno. Yeye alitaka zote mbili ndani ya mtu mmoja. Kosa la wakati ule, kwa maoni yangu, lilikuwa kwamba wengi wa wenye madaraka walichukua nusu ya maneno yake, ile iliyowafaa, wakaiacha nusu nyingine. Na upole wake nao ulikuwa na mipaka ya wakati: katika mwaka 1924 ni Mwafrika gani mwingine aliyeweza kuketi na magavana wa makoloni mengi na kuwaambia kwamba watu wake hawakuumbwa chini ya wengine?

Tena tunaweza kumpima kwa kazi yake ya mwisho. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, alikuwa na nia ya kujenga shule kubwa katika kilima cha Achimota, karibu na Accra, itakayowachukua watoto tangu darasa la chini mpaka masomo ya chuo kikuu, wavulana na wasichana pamoja. Mkuu wake alikuwa A. G. Fraser, na Aggrey aliitwa kuwa mmoja wa wasaidizi wake wakuu. Akaacha maisha ya utulivu Salisbury, akarudi nyumbani mwaka 1924 kuanza kazi kwa udogo kabisa. Wananchi wengi waliitilia shaka shule hiyo. Walisema kwamba kufundisha watoto kwa lugha zao na kuwafundisha ngoma na kazi za mikono za kwao ni hila ya kuwarudisha nyuma. Aggrey alizunguka nchi akieleza, akibishana kwa upole, akijibu maswali ya wazazi mmoja mmoja. Shule ilifunguliwa rasmi mwezi wa Januari, 1927, na nembo yake ikawa ni vidude vyeusi na vyeupe vya kinanda. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Gold Coast kilianza masomo yake katika majengo ya Achimota. Kwa hiyo jembe na randa havikuifunga njia.

Kazi ile ilikuwa na gharama. Mkewe na watoto walikuwa Marekani kwa muda mwingi. Mtoto wao wa mwisho alizaliwa Salisbury mwaka 1926. Katikati ya mwaka 1927 Aggrey alipewa likizo, akavuka bahari kwenda kumaliza ule utafiti wake wa Columbia, ambao ulikuwa umekatizwa mara nyingi na wito wa watu wengine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Akiwa New York alishikwa na ugonjwa wa ghafla wa uti wa mgongo, na tarehe 30 Julai, 1927, akafa hospitalini Harlem. Akazikwa Salisbury. Kitabu cha utafiti wake hakikumalizika.

Wako watakaosema kwamba ni huzuni tupu: miaka mingi ya kusoma, na shahada haikupatikana. Ni huzuni kweli. Lakini tazameni waliobaki nyuma. Mkewe aliendelea na kazi ya elimu, akawa msimamizi wa shule za watoto weusi wilayani kwao. Yule mtoto wa mwisho, Orison Rudolph Aggrey, alikua akawa balozi wa Marekani huko Senegal. Kijana mmoja wa Nigeria aliyemsikia Lagos mwaka 1920, Nnamdi Azikiwe, alikwenda Marekani kusoma, na mwaka 1963 akawa rais wa kwanza wa nchi yake. Kijana mwingine, aliyekuwa akisomea ualimu Accra, alihuzunika mno kwa habari za kifo chake, akaazimia kufuata njia ile ile ya kwenda kusoma Marekani. Akaondoka mwaka 1935. Jina lake lilikuwa Kwame Nkrumah.

Ninapowauliza wanafunzi katika shule hii wangependa kazi gani, nasikia daktari, rubani, mhandisi, mwanasheria. Ni kazi njema zote. Ualimu hutajwa kwa sauti ya chini, kama kazi ya aliyekosa nyingine. Wazazi nao, kwa kuwapenda watoto wao, husema hivyo hivyo nyumbani. Siwalaumu, maana mshahara wa mwalimu haujapata kumshangaza mtu. Bali nawaomba wahesabu pia hesabu hii nyingine. Magavana wa makoloni waliompokea Aggrey mwaka 1924 wengi wamesahauliwa hata majina. Mwalimu aliyeanza na darasa moja la kijiji, asiyekuwa na cheo cha serikali, akafa kitabu chake kingali mezani, ndiye ambaye wanafunzi wake walizigeuza nchi. Anayetaka kazi ambayo matunda yake hayaishii kwake mwenyewe, mlango wa chuo cha ualimu uko wazi, nasi tulio humo tunahitaji watu wenye akili nyingi kutupokea.